Umeandikiwa Statini: Mwongozo kwa Msomaji wa Sumbawanga na Ufipa

Kama umetoka kwa daktari mjini Sumbawanga na kati ya dawa ulizoandikiwa imo atorvastatini, simvastatini au rosuvastatini, umepewa dawa ya aina ambayo wengi wetu hatukuizoea. Dawa ya malaria unaimeza siku tatu, homa inashuka, unarudi shambani. Hata dawa ya presha, ingawa ni ya kudumu, ina mashine ya kukuonyesha baada ya muda mfupi kwamba inafanya kazi. Statini haikupi dalili yoyote ya namna hiyo. Utaimeza leo, mwezi ujao na mwakani bila kujisikia umepona kitu, kwa sababu kinachotibiwa ni uwezekano wa kupata shambulio la moyo au kiharusi katika miaka inayokuja. Hoja yangu ni hii: uamuzi wa kuanza dawa hii unastahili maswali mengi, na una haki ya kuyauliza yote; lakini ukishaanza kwa sababu nzuri, kinachokuhatarisha zaidi ni kuikatiza kuliko kuimeza. Yote yanayofuata nayapima kwa hoja hiyo.

Lehemu, au kolesteroli kama wengi wanavyoiita, si sumu. Mwili unaihitaji kujenga seli na kutengeneza homoni, na sehemu kubwa yake inatengenezwa na ini, hata kwa mtu ambaye nyama anaionea sikukuu tu. Tatizo ni ile inayosafiri ndani ya damu katika chembe zinazoitwa LDL. Ikizidi kwa miaka mingi inapenya kwenye kuta za mishipa na kujikusanya humo, ukuta unanenepa kwa ndani, na siku moja unapasuka. Damu inaganda juu ya ufa huo na mshipa unaziba. Ukiziba moyoni ni shambulio la moyo, ukiziba kichwani ni kiharusi. Statini inazuia kimeng'enya kimoja ambacho ini hukitumia kutengeneza lehemu. Ini likipungukiwa, linaivuta LDL kutoka kwenye damu. Njia hiyo iligunduliwa na Mjapani Akira Endo, ambaye katika miaka ya 1970 alipekua maelfu ya kuvu mpaka akaipata kemikali aliyoitafuta kwenye kuvu wa jamii ileile inayotupa penisilini. Dawa ya kwanza ya kundi hili iliruhusiwa Marekani mwaka 1987, na mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likaingiza simvastatini kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Leo zinatengenezwa na viwanda vingi, nyingi zikiuzwa kwa jina halisi la dawa, kwa hiyo usione umedhulumiwa ukipewa pakiti isiyo na jina maarufu la biashara.

Ushahidi kwamba inafanya kazi ni mzito. Mwaka 1994 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika nchi za Skandinavia kwa wagonjwa 4,444 ambao tayari walikuwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo. Nusu walipewa simvastatini na nusu kidonge kisicho na dawa, bila wao wala madaktari wao kujua nani anameza nini. Baada ya miaka mitano na ushei, vifo katika kundi la dawa vilikuwa pungufu kwa asilimia 30. Mwaka 2002 ukafuata utafiti wa Uingereza uliohusisha watu 20,536 wenye hatari kubwa, nao ulionyesha jambo ambalo bado linawashangaza wagonjwa wengi: walionufaika ni pamoja na wale ambao lehemu yao haikuwa juu. Ndiyo maana daktari anaweza kukuandikia statini baada ya kiharusi hata kama majibu yako ya maabara yanasomeka vizuri. Anachokitazama ni hatari yako yote kwa pamoja, na namba ya lehemu ni kipande chake kimoja.

Majaribio mengi yalipokusanywa pamoja, kanuni ikajitokeza: kila milimoli 1 kwa lita inayopungua kwenye LDL inapunguza matukio ya moyo na kiharusi kwa karibu moja ya tano. Sasa tufanye hesabu, maana hapa ndipo mgonjwa anapoweza kuamua kwa haki. Chukua watu 100 ambao kila mmoja ana uwezekano wa asilimia 20 wa kupata tukio kama hilo ndani ya miaka 10. Bila dawa, 20 watapata. Wakishusha LDL kwa milimoli 1 na kuishikilia hapo, watapata 16. Wanne wameepushwa. Themanini wasingepata hata bila dawa, na 16 watapata ingawa walimeza kila siku. Chukua wengine 100 wenye uwezekano wa asilimia 5 tu: badala ya 5 watapata 4, yaani 99 wamemeza miaka 10 bila matokeo kubadilika kwao. Dawa ni ileile, thamani yake kwako inategemea unaanzia wapi. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza daktari ni hili: hatari yangu ni asilimia ngapi? Yapo majedwali ya Shirika la Afya Duniani yaliyotolewa upya mwaka 2019, yakiwa na ukurasa wa Afrika Mashariki, yanayotumia umri, jinsia, uvutaji sigara, presha, kisukari na lehemu. Na pale maabara isipokuwepo, lipo jedwali linalotumia uzito na urefu. Wasiohitaji kupimwa kwa jedwali ni wale waliokwisha kupata shambulio la moyo au kiharusi cha kuziba mshipa, wenye kisukari waliovuka miaka 40, na wenye LDL inayozidi milimoli 4.9. Kama wewe ni kijana wa miaka 35, huvuti sigara, presha yako ni nzuri, na umeambiwa tu kwamba lehemu yote kwa jumla ni 5.3, kuomba kwanza kurudia kipimo na kurekebisha chakula si ukaidi. Angalia pia kipimo kimeandikwa kwa namna gani. Maabara moja hutoa majibu kwa milimoli, nyingine kwa miligramu, na 3.0 ya kwanza ni sawa na 116 ya pili. Watu wamewahi kuogopa bure kwa kulinganisha karatasi mbili za aina tofauti.

Pingamizi linalosikika sana ni kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu na matajiri, na kwamba haumhusu mla ugali wa ulezi na maharage huku Ufipa. Pingamizi hili lina historia ya kweli nyuma yake. Mwaka 1959 madaktari Shaper na Jones walichapisha utafiti wa Uganda uliowakuta Waafrika wakiwa na lehemu ya chini kuliko Waasia wa nchi hiyohiyo, na ugonjwa wa mishipa ya moyo ukiwa nadra sana miongoni mwao. Mwaka 1996 ukachapishwa utafiti wa Lugalawa, huko Ludewa, katika nyanda hizi hizi za juu kusini: wanakijiji wa mwambao wa Ziwa Nyasa, walaji wa samaki kila siku, walilinganishwa na wenzao wa milimani waliokula mboga na nafaka. Makundi yote mawili yalikuwa na lehemu ya chini ukilinganisha na nchi tajiri, na wala samaki walikuwa nayo chini zaidi, pamoja na presha nafuu. Msomaji wa Kirando au Kasanga mwenye dagaa na migebuka mlangoni pake ana sababu ya kuufurahia utafiti huo.

Lakini tafiti hizo zinaeleza kinachowalinda watu, hazisemi kwamba kinga hiyo tumezaliwa nayo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta karibu robo ya watu wazima wa Tanzania, wenye miaka 25 hadi 64, wana lehemu iliyopanda, na idadi kama hiyo wana presha. Mradi wa kuhesabu kiharusi uliofanyika Hai na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulionyesha kwamba, umri ukisawazishwa, Dar es Salaam ilikuwa na visa 315.9 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, kiwango cha juu kuliko nchi nyingi za Ulaya, wakati Hai ilikuwa na 108.6. Watu wa nchi moja, tofauti ikiwa karibu mara tatu. Sumbawanga ya leo ina lami hadi Tunduma, ina chipsi mayai na kitimoto kila kona, na mafuta ya mawese ya bei nafuu jikoni badala ya alizeti inayolimwa hapahapa. Karibu nusu ya mawese ni mafuta yanayopandisha LDL. Kwenye alizeti ni kama sehemu moja ya kumi. Rudisha alizeti, rudisha samaki na maharage, acha sigara: hayo yote yanasaidia, nayo yanaanza kabla ya dawa na kuendelea pamoja nayo. Lakini kwa mtu aliyekwisha kupata kiharusi chakula peke yake hakitoshi, kwa sababu kiwanda kikubwa cha lehemu ni ini lake, halifungwi kwa kubadilisha sufuria.

Wapo wanaosema kiharusi hakina uhusiano na damu kabisa, kwamba ni mkono wa mtu. Sumbawanga imebebeshwa sifa hiyo ya uchawi kuliko inavyostahili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta kwamba maelezo ya majini na uchawi yalitawala zaidi Dar es Salaam, wakati wanavijiji wa Hai walitaja presha, chakula cha mafuta na mawazo. Ninachokuomba ni kimoja tu: ukienda kwa mganga au kwenye maombi, usiache vidonge nyumbani. Na ukipewa mizizi au unga wowote wa kunywa, mwambie daktari, kwa sababu baadhi ya dawa za miti huliumiza ini, na lawama ikaiangukia statini. Vitunguu saumu kula kama kiungo. Hakuna ushahidi kwamba vinaweza kushika nafasi ya dawa hii.

Pingamizi la maumivu ya misuli ndilo linalowaachisha wengi dawa, nalo linahitaji kujibiwa kwa uangalifu, maana maumivu ni ya kweli kwa anayeyasikia. Swali ni yametoka wapi. Mwaka 2022 watafiti walikusanya majaribio makubwa 19 yaliyolinganisha statini na kidonge kisicho na dawa, yenye watu wapatao 124,000. Waliolalamika misuli walikuwa asilimia 27.1 kwenye dawa na asilimia 26.6 kwenye kidonge kitupu. Kwa maneno mengine, zaidi ya tisa kati ya malalamiko kumi hayakusababishwa na dawa. Utafiti mwingine wa London, wa mwaka 2020, ulichukua watu 60 waliokwisha kuacha statini kwa sababu ya maudhi, ukawapa kwa zamu dawa, kidonge kitupu na mwezi bila chochote. Sehemu kubwa ya maudhi, kama tisa ya kumi, ilitokea hata kwenye kidonge kitupu. Fikiria basi mkulima wa Laela au Mpui anayeanza dawa mwezi Juni, wakati wa kuvuna, kupukuchua na kupakia magunia, na baridi ya uwanda inamkaza viungo kila alfajiri. Mgongo utauma tu. Ushauri wangu ni kwamba kabla ya kumeza kidonge cha kwanza, andika kwenye daftari mahali panapokuuma tayari na kwa kiasi gani. Baada ya mwezi linganisha. Maumivu ya dawa kwa kawaida huja katika wiki au miezi ya mwanzo, pande zote mbili za mwili, kwenye mapaja, mabega au mashavu ya miguu. Yakiwa ya namna hiyo, rudi kwa daktari: kupunguza dozi au kubadilisha aina ya statini mara nyingi humaliza tatizo.

Madhara makubwa yapo, ni ya nadra, na dalili zake zijue. Misuli ikiuma vikali na kulegea huku mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, acha dawa siku hiyohiyo na uende hospitali, kwa sababu misuli inayovunjika inaweza kuharibu figo. Macho yakigeuka manjano, vivyo hivyo. Statini pia huongeza kidogo uwezekano wa kisukari: majaribio yaliyokusanywa mwaka 2010 yalionyesha mgonjwa mmoja wa ziada kwa kila watu 255 waliotumia dawa kwa miaka minne, hasa wale waliokuwa karibu kukipata. Hilo ni sababu ya kupima sukari, si sababu ya kuacha, kwani wenye kisukari wenyewe ni miongoni mwa wanaonufaika sana. Mama mjamzito, anayetafuta ujauzito au anayenyonyesha aseme mapema. Kwa kawaida dawa husitishwa.

Mchanganyiko wa dawa ndio hatari ambayo huku kwetu inastahili kutajwa zaidi kuliko inavyotajwa. Anayehudhuria kliniki ya VVU (CTC) na kutumia dawa za mstari wa pili zenye ritonavia hapaswi kumeza simvastatini kabisa, maana kiwango chake kwenye damu hupanda kupita kiasi. Zipo statini nyingine zinazomfaa, na utafiti uliotangazwa 2023, wa watu 7,769 wanaoishi na VVU katika nchi 12, Uganda ikiwemo, ulionyesha pitavastatini ikipunguza matukio ya moyo kwa asilimia 35. Anayetumia rifampisini kwa kifua kikuu ajue kwamba inaidhoofisha atorvastatini. Eritromaisini na klarithromaisini, na baadhi ya dawa za fangasi za kumeza kama ketokonazo, huipandisha simvastatini na atorvastatini, kwa hiyo unapokwenda duka la dawa kwa ajili ya kikohozi, taja statini yako kabla hujapokea chochote. Amlodipini ya presha ikiwa pamoja na simvastatini, dozi ya simvastatini isizidi miligramu 20. Juisi ya balungi iache. Na kama unakunywa pombe kila siku, iwe gongo au bia, mwambie daktari ukweli ili ini lipimwe kabla.

Sasa tufike kwenye kukatiza. Faida ya statini haiji yote mara moja: katika mwaka wa kwanza ni kama nusu ya ile inayopatikana kila mwaka unaofuata. Ukiacha, LDL inarudi ilikokuwa ndani ya wiki chache. Mtu anayemeza miezi miwili na kupumzika minne analipa gharama ya dawa bila kuifikia miaka ambayo dawa hulipa. Na kwa watu wa Rukwa kinachokatiza mara nyingi si uamuzi. Ni barabara na fedha. Mahindi yanauzwa kuanzia katikati ya mwaka, kwa wafanyabiashara na kwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Ikifika Januari fedha zimekwisha kwenda kwenye mbolea na ada za shule. Wakati huohuo mvua, zinazonyesha Novemba hadi Aprili, zinageuza safari ya kutoka Mtowisa, Ilemba au Wampembe kuwa ya mashaka. Kwa hiyo panga kalenda ya dawa kwa kalenda ya shamba. Omba cheti cha miezi mitatu badala ya mmoja ukishatulia kwenye dozi. Nunua au chukua akiba mwezi Oktoba, kabla barabara hazijaharibika, na nyingine uitengee fedha siku unayouza gunia la kwanza, kabla hujagusa matumizi mengine. Kama una bima, uliza kabla ya kusafiri iwapo dawa hiyo imo kwenye kifurushi chako na inatolewa kituo cha ngazi gani. Swali hilo kwa simu linaokoa nauli ya bure.

Pale kwenye dirisha la dawa, usiondoke haraka. Vidonge vingi hukatwa kwa mkasi kutoka kwenye pakiti kubwa na kutiwa kwenye kibahasha kilichoandikwa 1x1, na mkasi mara nyingi hupita palepale ilipochapwa tarehe ya kuisha muda. Omba kipande chenye tarehe, au mwambie mtoa dawa akuandikie kwenye kibahasha jina la dawa, miligramu, tarehe hiyo na saa ya kumeza. Simvastatini imeze usiku, kwa kuwa ini hutengeneza lehemu zaidi usiku na dawa hiyo haidumu mwilini. Atorvastatini na rosuvastatini meza saa yoyote, mradi iwe ileile. Ukisahau siku moja, endelea kesho kwa kidonge kimoja, usimeze viwili. Ukikuta aina uliyoandikiwa haipo, usikubali nyingine kwa kulinganisha miligramu: 10 za atorvastatini zinakaribia nguvu ya 20 hadi 40 za simvastatini. Mwombe daktari aandike mbadala kwenye cheti chako tangu mwanzo. Anayeishi bondeni, ambako joto ni kali kuliko huku juu, asiweke dawa chini ya bati wala dirishani kwenye jua. Chungu kikavu kwenye kona ya chumba kinatosha. Na kama fedha zimepungua kweli, usichague mwenyewe dawa ya kuacha. Kwa kiharusi hapa Tanzania presha ndiyo mkosaji mkuu, na dawa yake haikatizwi ili statini ibaki.

Kati ya wiki 4 na 12 baada ya kuanza, rudia kipimo cha lehemu na, daktari akiona vema, cha ini. Si lazima kushinda na njaa kwa kipimo cha kawaida, ila uliza maabara. Beba karatasi ya zamani ili mlinganishe. Miligramu 20 za atorvastatini kwa kawaida hushusha LDL kwa kiasi cha asilimia 40, hivyo kama ulianza na 4.0 tarajia 2.4 au karibu na hapo. Namba isiposogea, daktari ataanza kwa kukuuliza umekosa vidonge vingapi. Mjibu kwa idadi halisi, maana akidhani umemeza vyote ataongeza dozi, na kuongeza dozi mara mbili hushusha asilimia 6 tu zaidi huku ikizidisha nafasi ya madhara.